Kitenzi "run" na faili niliyoipeleka mbio

Juma lililopita niliandikiwa na dada mmoja wa Likoni anayejitayarisha kwa mahojiano ya kazi. Ananieleza kuwa Kiingereza amekisoma tangu darasa la kwanza na sarufi anaijua, lakini akiwasikiliza watu wa ofisini wakizungumza hupotea kwenye vitenzi vya kawaida kabisa, na kinachomtesa zaidi ni "run". Nilipomaliza kuusoma ujumbe wake nilinyamaza kwa muda, maana kitenzi hicho hicho kiliwahi kuniaibisha, na aibu yenyewe haijanitoka.

Nilikuwa na miezi miwili tu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Asubuhi moja meneja alinikabidhi faili ya kontena la mteja akasema, "Run this by the senior clerk before noon." Nilisikia "run", nikasikia kwamba mwisho ni saa sita, nikaamini kuwa nimetumwa kwa haraka. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikamkosa karani mkuu, nikaiweka faili mezani kwake kando ya kikombe cha kahawa kilichokuwa bado kinafuka moshi, nikateremka nikiwa nimeridhika na kasi yangu. Kumbe niliagizwa nimwonyeshe hati zile, azipitie na atoe rai yake kabla hazijapelekwa forodhani. Meneja aliponiuliza kama tayari, nilijibu kuwa tayari. Hati zikawasilishwa, na idadi ya katoni kwenye orodha ya mizigo haikulingana na ile ya hati ya shehena. Masahihisho yakachukua siku kadhaa, kontena likalala bandarini huku ada za uhifadhi zikipanda, na meneja akaniuliza mbele ya wenzangu kama cheti changu nilikinunua. Neno lile liliniuma kuliko pesa nilizokatwa. Karani mkuu, mzee wa Mji wa Kale, aliniita kando akaniambia taratibu, "Mwanangu, hukutumwa kukimbia. Ulitumwa uje uniulize."

Kosa langu lilikuwa kukariri kwamba "run" ni kukimbia, basi. Kamusi kuu ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilikipa kitenzi "set" maelezo marefu kuliko neno lolote. Wahariri walipokuja kukipitia upya "run", walikipata na maana 645, kikakipita hata "set". Hakuna kichwa kitakachobeba maana 645 kwa kukariri, na wala hakuna haja, kwa kuwa sisi wenyewe tumekulia ndani ya kitenzi cha namna hiyo bila kukisomea.

Hebu tazama "piga". Mama akisema "kapige deki", mtoto huchukua ndoo na kitambaa, hatafuti fimbo. Tunapiga simu, pasi, mswaki, hodi, chafya, magoti na kura, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Hatukufundishwa maana moja moja. Tulilisikia neno likiwa na mwenzake, na mwenzake ndiye aliyetupa maana. Nilipolitambua hilo, nilianza kumtazama mwenzake "run" kila nilipokutana nacho, na mambo yakafunguka. "Run a shop" ni kuendesha duka. "Run out of sugar" ni kuishiwa na sukari. "Run into" ni kugonga kitu, au kukutana na mtu bila kutarajia. Chombo kikipanda mwamba, mabaharia husema "run aground". Mgombea wa Marekani hufanya "run" kutafuta kiti, ilhali mwenzake wa Uingereza hufanya "stand", yaani mmoja anakimbia na mwingine amesimama, na wote wawili wanaomba kura zile zile.

Lililonisaidia kuliko yote ni kuiona picha iliyo chini ya neno. Wajerumani wana ndugu yake, "rinnen", ambalo maana yake ni kutiririka. Maji ya mfereji, kamasi, na rangi ya leso mpya inayochuja ikaharibu shuka jeupe ndani ya beseni moja, vyote kwa Kiingereza vinafanya "run". Basi linalofuata njia yake kila siku nalo ni hivyo, na mashine isiyozimwa pia. Ukiiona ile hali ya kitu kinachoendelea bila kukatika, nusu ya maana hizo hazitakutisha tena.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu mnaotafuta kazi: msiandike kitenzi peke yake daftarini. Andikeni sentensi nzima, mkitaja nani aliisema na wapi, kisha mwandike nyingine. Na mkitumwa kwa maneno msiyoyaelewa, ulizeni pale pale. Aibu ya dakika moja mbele ya meneja ni nyepesi kuliko ile niliyoibeba mimi. Leo, katika ofisi nyingine, barua zote za Kiingereza hupitia mikononi mwangu kabla hazijatoka, na hilo nalisema kwa fahari kwa sababu nimelitolea jasho.

Dada wa Likoni, mahojianoni ukiulizwa "Have you ever run an office?", wanataka kujua kama umewahi kuiendesha. Waeleze jinsi ulivyosimamia hesabu za chama chenu cha akina mama kwa miaka miwili, kama ulivyonieleza mimi.