Tumbo limefura na upepo hautoki? Weka haluli chini

Sisi watu wa Mombasa hatukosi dawa ya tumbo: tangawizi, habasoda, ndimu na chumvi, na zote zikishindwa, haluli, yaani dawa ya kuharisha. Kwa tumbo la kawaida sina ugomvi nazo. Lakini utumbo ukiziba, haluli inausukuma utumbo usio na njia, na unaweza kupasuka.

Mimi niliziba miaka kadhaa baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Upasuaji wowote wa tumbo, hata wa kujifungua, waweza kuacha makovu ndani yanayogandisha utumbo mahali usipotakiwa. Siku moja unapindika, basi. Wengine huzibwa na ngiri iliyonasa, uvimbe au utumbo kujisokota. Watoto, wakati mwingine, na minyoo.

Maumivu yalikuja kwa mawimbi, nikatapika nyongo, tumbo likafura, na hata kujamba sikuweza. Hili la mwisho watu huona haya kulisema. Lisemeni jamani, daktari analihitaji! Khalati yangu alikuwa ameshakoroga kikombe cha haluli. Nikamwambia, "Niwie radhi khalati, niitie tuktuk."

Hospitalini hukuti kisu mlangoni. Unakatazwa kula na kunywa, unatundikiwa dripu, unapigwa eksirei, kisha unatiwa mrija puani hadi tumboni kutoa kilichojaa. Mrija huo, wallahi, ulinitesa kuliko kidonda. Lakini uvumilie: wengi waliozibwa na makovu hufunguka hivyo hivyo bila kupasuliwa. Jambo la kuogopa ni utumbo kukosa damu. Maumivu yakiacha kuja na kwenda, yakawa ya moja kwa moja, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, hapo upasuaji haungoji mjomba afike kutoka Lamu kutia sahihi.

Mimi sikufunguka. Walikata makovu, wakatoa kipande kilichokufa, wakaunga ncha mbili. Kuna wanaotolewa utumbo nje na kuvaa mfuko wa kupokea choo kwa muda. Si aibu, na mara nyingi hurudishwa.

Baada ya hapo wodi nzima husubiri ujambe. Nesi anauliza kila asubuhi, nawe unatembea koridoni umeshika dripu, maana kutembea kunasaidia utumbo kuamka. Chakula huanza kidogo kidogo; biriani na maembe ya nyuzi vingoje ruhusa ya daktari.

Kabla hujatoka, omba karatasi inayoeleza kilichokatwa na kilichoungwa. Makovu huweza kuota tena, na daktari wa zamu atakayekupokea huenda hajawahi kukuona.