Kwa muuguzi aliyekabidhiwa wodi kwa mara ya kwanza

Siku niliyokabidhiwa funguo za wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya, nilikuwa na miaka sita kazini, na miongoni mwa wakunga niliotakiwa kuwasimamia walikuwemo wawili walionifundisha kupima njia, yaani kuangalia mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani, nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi. Barua ya uteuzi ilikuwa na mistari michache tu, na hakuna hata mmoja ulioeleza namna ya kumwambia mama wa makamo, ambaye amezalisha kwa miaka zaidi ya ishirini, kwamba wiki hii zamu yake imebadilika. Nawaandikia mnaoanza kazi hiyo kwa sababu nimeona wauguzi hodari wakiomba kurudishwa kwenye zamu za kawaida baada ya miezi michache, wakiamini kwamba kujiamini ni kipaji ambacho wao hawakujaliwa. Mimi sikuzaliwa nacho. Nilikipata kazini, na somo la kwanza lilinigharimu.

Oksitosini, dawa tunayomchoma mama uniti 10 kwenye msuli mara tu mtoto anapozaliwa ili asitokwe na damu nyingi, huhifadhiwa kwenye friji yenye nyuzi joto 2 hadi 8. Katika wiki yangu ya pili nilifungua friji saa moja asubuhi nikakuta karatasi ya joto ya siku ile imekwisha kujazwa mpaka jioni, kwa mwandiko mmoja: 5, 5, 5. Niliipeleka karatasi hiyo kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu, nikaisoma kwa sauti mbele ya zamu mbili, nikamuuliza mkunga aliyeijaza kama hivyo ndivyo tunavyolinda maisha ya akina mama. Hakunijibu. Alifunga daftari la ripoti polepole, akachukua glavu zake, akaenda kumwangalia mzazi wa kitanda cha tatu.

Mchana wa siku hiyo nilipekua kitabu cha matengenezo nikakuta kipima joto kilikuwa kimekufa wiki kadhaa nyuma, na kwamba mkunga yule yule ndiye aliyeandika taarifa yake mara mbili bila kujibiwa. Kujaza namba za kubuni kulibaki kuwa kosa, na nilimwambia hivyo faraghani. Lakini nilichokifanya kwenye ripoti hakikuwa uongozi. Nilikuwa na hofu ya kuonekana mdogo, nikaifunika kwa ukali. Asubuhi iliyofuata niliomba radhi mbele ya watu wale wale, kwa kuwa nilimkosea mbele yao, kisha nikaenda mwenyewe kwa fundi na stoo, na kabla ya wiki kwisha kipima joto kipya kilikuwa ndani ya friji. Nilidhani radhi ile ingeniondolea heshima iliyobaki. Kilichotokea ni kwamba tangu siku hiyo mkunga yule akawa wa kwanza kuniletea matatizo ya wodi kabla hayajaharibika, na mimi nikaacha kuingia kwenye ripoti moyo ukinidunda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza kabla ya kusema, na kumkosoa mtu pembeni. Kuna jambo linalofanana na hilo ambalo wengi hulidharau: endelea kumwamkia shikamoo yule uliyekuwa ukimwamkia. Nimewaona viongozi vijana wanaoiacha salamu hiyo siku wanapopata cheo, wakidhani inawashusha, na wodi nzima huona kwamba wameyumba. Mimi niliamkia, nikaitikiwa marahaba, kisha nikaeleza kazi ya siku bila kuipunguza.

Sehemu nyingine ya kujiamini hutokana na kuijua sheria, na hapa rosta, yaani ratiba ya zamu, ndipo penye mtihani. Marafiki zako wa jana watataka usiku wa sikukuu uwapite, na ukiwaridhisha hao utakosa la kuwaambia wengine. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 mpaka uielewe. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, anayenyonyesha ana haki ya muda wa hadi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Muuguzi mmoja alipolalamika mbele yangu kwamba mwenzake anapendelewa kwa kuondolewa zamu za usiku, sikuhitaji kubishana wala kujitetea. Nilimwonyesha kifungu, tukakisoma pamoja, na siku nyingine yeye mwenyewe akamweleza mwenzake aliyekuja na lalamiko lile lile.

Yapo pia maswali ambayo hutakuwa na jibu lake, hasa ya posho na kupanda daraja. Sema kwamba hujui, taja siku utakayoleta jibu, andika kwenye daftari, na siku hiyo ikifika lete jibu hata kama ni baya. Watumishi huvumilia jibu baya kuliko kuzungushwa.

Mtihani mkubwa zaidi, hata hivyo, huja usiku. Mama amejifungua salama, kisha shuka linaanza kulowa, damu imezidi mililita 500 na bado inakuja. Kiongozi aliyeshikwa na hofu hupaza sauti, «Jamani, mtu alete dripu!», na kila mmoja humwangalia mwenzake. Kabla sijajifunza nilisema hivyo hivyo. Sasa humtazama kila mmoja usoni, nikamtaja kwa jina na kumpa kazi moja: wewe sugua mji wa mimba, wewe fungua mshipa uweke dripu, wewe weka katheta kibofu kitoke mkojo, wewe mpigie daktari kisha urudi uniambie amesema nini, wewe andika saa ya kila tunachofanya. Nasema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu hunirudia alichosikia. Utulivu huo tuliufanyia mazoezi mchana, siku ambazo wodi ilikuwa na nafasi, dakika kumi na tano kwa shuka na mdoli, mpaka mikono ikazoea. Anayesubiri dharura halisi ndipo ajaribu kuongoza anawaonea wagonjwa wake.

Utakapokwenda likizo, mwachie kaimu funguo zote, pamoja na za kabati la dawa zenye udhibiti maalumu na leja yake, mbele ya shahidi na kwa saini. Usimpigie simu kila asubuhi. Likizo yangu ya kwanza nilipiga siku tatu mfululizo, na siku ya nne kaimu wangu, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka minane, akaniambia kwa adabu, «Dada, wodi iko salama, pumzika.» Nilirudi nikakuta rosta ya mwezi uliofuata imepangwa vizuri kuliko nilivyokuwa nikiipanga mimi, na tangu hapo ndiyo namna tunayoitumia.