Maswali na Majibu: Nani Hasa Ana Usemi Kuhusu Bwawa la Mchanga?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha watu wa kijiji kimoja cha Kitui tunaoishi hapa Nairobi. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, tuliamua kuacha kutuma unga peke yake na tukaanza kuchanga fedha za kujenga bwawa la mchanga katika mto wa msimu unaopita chini ya mashamba ya nyumbani. Mfadhili tuliyemwomba atuongezee fedha alitaka kwanza ramani ya ushawishi wa wadau, yaani mchoro wa wote wanaohusika na mradi na uzito wa usemi wa kila mmoja. Tulimpelekea majina ya gavana, mwakilishi wadi, chifu, afisa wa kilimo, wachungaji wawili na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Ameirudisha akisema hiyo ni orodha ya wageni wa heshima. Tumekosea wapi?
*Katibu, Umoja, Nairobi*

JIBU: Ndugu Katibu, mfadhili wenu ametumia lugha kali kidogo, lakini hoja yake ni ya haki. Mmewapanga watu kwa vyeo, ilhali ramani ya ushawishi huanza na uamuzi mahususi. Kwa bwawa lenu kuna maamuzi matatu yasiyofanana: nani anaweza kuwezesha ukuta ujengwe, nani anaweza kuuzuia, na nani ataamua kama bwawa litakuwa bado linatoa maji miaka kumi baada ya sherehe ya ufunguzi. Gavana huenda akahesabika sana katika uamuzi wa kwanza na asihesabike hata kidogo katika wa tatu.

Anzeni na mchanga wenyewe. Bwawa la aina hii ni ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga unaoletwa na mafuriko urundikane nyuma yake. Maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, mbali na jua linalokausha mabwawa ya wazi. Mchanga ukichukuliwa, maji nayo yamekwenda. Sasa jiulizeni ni nani anayeutaka mchanga huo. Ni mwenye lori anayeupeleka kwenye ujenzi mijini, pengine hata kwenye nyumba za ghorofa za mtaa wenu hapo Umoja. Ni vijana wanaolipwa kuupakia. Na ni mwenye shamba la ukingoni anayepokea chochote ili lori lipite kwake. Hakuna hata mmoja wao katika orodha yenu. Jirani zenu wa Makueni waliliona tatizo hili kuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria, na mwaka 2015 kaunti hiyo ikapitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Kijana mpakiaji hana cheo na huenda hajawahi kusimama kuzungumza katika baraza la chifu, lakini yuko mtoni usiku, wakati wajumbe wa kamati wamelala. Mkimwacha nje ya ramani mtakuwa mmemwacha mtu mwenye uwezo wa kuondoa, lori baada ya lori, kile mlichokichangia.

Wafuate wenye mashamba ya kingo zote mbili. Ukuta hushikizwa pande mbili za mto, na njia ya kwenda kuchota maji itapita katika ardhi ya mtu. Mmoja wao akikataa, au akikubali kwa mdomo tu kisha mrithi wake akakataa, mradi umekwama. Tena, ulizeni hati ya shamba iko kwa jina la nani, kwa sababu anayelima mara nyingi si anayemiliki.

Kuhusu akina mama, mwenyekiti mmoja hatoshi. Wanawake ndio wanaochota maji na kupalilia kunde, ndengu na mbaazi, kwa hiyo maslahi yao katika bwawa ni makubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote, ingawa usemi wao barazani ni mdogo. Hata hivyo, kazi ya kukusanya mawe na kusomba maji ya kuchanganyia saruji hufanywa kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na bila wao hakuna mwethya. Huo ni ushawishi halisi usioonekana katika kumbukumbu za kikao chochote.

Upande wa serikali nitaupitia kwa haraka. Kuweka ukuta mtoni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na chama cha watumiaji maji wa bonde hilo, kama kipo, kitauliza kuhusu watu wa chini ya mto. Kitui ilikuwa miongoni mwa kaunti tano za kwanza kujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, pamoja na Isiolo, Garissa, Makueni na Wajir, na chini ya mpangilio huo kamati za wadi hupendekeza miradi inayopaswa kupewa fedha. Kwa shughuli yenu, kamati ya wadi ina uzito kuliko gavana mliyemweka nambari moja.

Kuna mdau mwingine mliyemsahau, nanyi mtanisamehe nikimtaja: ni nyinyi. Fedha zinatoka Nairobi, na anayetuma fedha hupewa nafasi ya kusema hata asipoiomba. Ndivyo inavyokuwa mwana aliye mjini akitaka mahindi yapandwe kwa sababu ndiyo anayoyajua sokoni, huku mama yake aliyebaki nyumbani akijua kwamba mtama ungevumilia kiangazi. Jiwekeni katika ramani kwa ukubwa wenu halisi, kisha mwulize mtu asiyewategemea kama ukubwa huo ni sahihi.

Njia ya kuichora si ngumu. Mtafiti Eva Schiffer alibuni mbinu iitwayo Net-Map alipokuwa akifanya kazi ya usimamizi wa maji kaskazini mwa Ghana. Washiriki huandika wahusika kwenye karatasi kubwa, huchora mishale ya rangi mbalimbali kuonyesha nani humpa nani fedha, habari au amri, kisha humjengea kila mhusika mnara wa vipande vilivyopangwa juu kwa juu kulingana na ushawishi wake. Vifuniko vya soda vinafaa kabisa. Fanyeni zoezi hilo na makundi tofauti: wanawake peke yao, vijana wa mtoni peke yao, wazee peke yao. Minara ikitofautiana, msiharakishe kutafuta wastani. Wazee wakimpa chifu vifuniko vinane na wanawake wakampa viwili, mkutano unaofuata uanze hapo hapo. Epukeni pia miezi ya Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa mvua za msimu huo ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani na watu watakuwa mashambani.

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wakulima wa nyanda kavu. Nimewapanga wadau katika jedwali la visanduku vinne, nguvu upande mmoja na maslahi upande mwingine. Msimamizi wangu anasema jedwali hilo limeganda. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Kasarani*

JIBU: Msimamizi wako anakusudia kwamba jedwali lako halina wakati ndani yake. Mwaka 1997 Mitchell, Agle na Wood walipendekeza kumpima mdau kwa sifa tatu, yaani nguvu, uhalali wa dai lake na uharaka wa dai hilo, nao walisisitiza kwamba sifa hizo huja na kuondoka. Katika nyanda kavu jambo hili ni la lazima. Mfugaji anayehamisha ngamia kutoka mbali kufuata malisho hayupo siku unayochora jedwali lako mvua zikiwa njema. Kiangazi kikikaza yuko kisimani na mifugo yake, na dai lake haliwezi kusubiri kikao kijacho. Kijiji kinaweza kumwona hana haki pale, yeye akajiona ana haki ya kale ya kupita, na jedwali la nguvu na maslahi halina mahali pa kuuandika mvutano huo.

Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti kame, zikionyesha kaunti imo katika awamu gani ya ukame. Chora ramani moja katika awamu ya kawaida na nyingine hali inapofikia tahadhari au zaidi, uzilinganishe. Sura hiyo ya tasnifu yako itakuwa na la kusema.

SWALI: Tukimaliza ramani yetu, je, tuiweke katika kundi letu la WhatsApp ili kila mtu aione?
*Mwanachama wa kikundi cha wakulima, anayeishi Kayole*

JIBU: Hapana. Karatasi inayosema fulani anapinga mradi, au fulani anapokea fedha za malori, inaweza kumletea mtu madhara, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka mnaokusanya habari za watu muwe na sababu halali ya kuzitumia na kuzisambaza. Katika nakala ya kugawa andikeni nafasi badala ya majina, kwa mfano "mwenye shamba la ukingoni", na hata hivyo angalieni kama nafasi hiyo ina mtu mmoja tu kijijini, kwani hapo mtakuwa mmemtaja. Yenye majina ibaki kwa wale waliochaguliwa na kikundi kuitunza, na kila aliyetajwa akitaka kuona alivyoandikwa aonyeshwe sehemu inayomhusu.