Uliza Anti: Apu za afya zinazomchosha mgonjwa

Mwezi huu barua za apu za simu zimenijaa hapa, nimechukua tatu, ile ya kwanza ilikuwa ndefu sana nimeikata mkia.

SWALI: Habari yako Anti. Sisi ni vijana watatu hapa Kikoni, Kampala, tumemaliza chuo na tunatengeneza apu ya watu wa sukari na presha. Mtu anaingiza namba zake asubuhi, mchana na usiku, anaona grafu, na akimaliza siku saba bila kukosa anapata nyota. Tuliwapa wazee wa mtaani wakaijaribu, wiki ya kwanza ilienda vizuri, baada ya hapo kimya. Tunafikiria kuwazawadia eataimu ili wasiache. Unaonaje?
*Vijana wa Kikoni*

JIBU: Hiyo eataimu wekeni pembeni kwanza wanangu. Mzee wa sukari tayari ana kazi nyingi, anameza dawa kwa saa zake, anaamka alfajiri kuwahi foleni ya kliniki, anatafuta nauli ya boda, anapima chakula, halafu nyinyi mnamuongezea kuandika namba mara tatu kwa siku, na yeye anapata nini? Nyota. Jamani.

Na hizo namba hazitoki bure. Mita ya sukari mtu ananunua mara moja tu, pesa inaishia kwenye vijiti vya kupimia, na wengi hawana vya kupima mara tatu. Vikiisha, apu yenu inamwambia umekosa siku tatu na nyota zinafutika, yaani mtu hana hela halafu simu inamwita mvivu! Mimi pia ningeifuta. Wekeni kitufe cha "vijiti vimeisha" na kingine cha "dawa haikuwepo kituoni", maana nesi wa Helti Senta III akiona hayo mawili anajua kwa nini sukari imepanda, grafu peke yake haitamwambia.

Halafu kuna swali ambalo hamkuligusa kabisa kwenye barua, hizo namba anasoma nani? Mzee akiona neno "imetumwa" anaamini daktari ameshaona, anakaa nyumbani anangoja kupigiwa. Kama upande wa pili hakuna mtu, andikeni wazi kwamba hakuna mtu, na akiingiza namba ya hatari apu imwambie palepale afanye nini na aende wapi.

Namba zenyewe pia muwe nazo makini. Kuna mita zinasoma sukari kwa kipimo cha mg/dL na nyingine kwa mmol/L, 7 ya mmol/L ni 126 ya mg/dL, unazidisha kwa 18. Mita nyingi zinasoma kuanzia 20 mpaka 600 kwa mg/dL, ambayo ni 1.1 mpaka 33.3 kwa mmol/L. Sasa mtu akiandika 25 ni nini? Kwa mmol/L sukari iko juu vibaya, kwa mg/dL imeshuka mpaka anaweza kuzimia, na huyu wa pili anahitaji kitu kitamu haraka wakati yule wa kwanza ukimpa soda unamuongezea balaa. Kwa hiyo apu isibahatishe. Siku ya kwanza muulizeni mita yake inasoma vipi, mwonyesheni picha, na namba ikiangukia kati ya 20 na 33, ambapo inaweza kuwa ya kipimo chochote, muulizeni tena.

Mmeniandikia pia kwamba "toleo la walemavu" litakuja mwakani. Hapo ndipo mmenikera kidogo. Sukari inaharibu macho, inaua hisia za vidole, wengine inawakata miguu, kwa hiyo huyu anayeona vizuri leo ndiye huyohuyo atakayekuwa haoni vizuri baada ya miaka, na apu anayo ileile. Herufi zikubali kukua mtu akizikuza kwenye setingi za simu, msizifunge. Kitufe kiwe na upana wa milimita 9 hivi, ndiyo 48dp, kipimo cha skrini cha Android. Maandishi na rangi ya nyuma vitofautiane mwangaza angalau 4.5 kwa 1, ile kijivu juu ya nyeupe mnayoipenda nyinyi vijana mtu akiwa juani haoni kitu. Hatari msiionyeshe kwa rangi nyekundu tupu, andikeni na neno. Na ile ya kuburuta kidole ili kuchagua namba toeni kabisa, mwenye mikono inayotetemeka atajiandikia 14 badala ya 9.

Wenye katochi, zile simu ndogo za vitufe, je? Wengi wa hao wazee ndio simu yao. Menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli, inakatika mtu akisoma polepole, kwa hiyo simu inayompigia na sauti iliyorekodiwa kwa Luganda, Kiswahili au lugha yake inamsaidia zaidi asiyesoma na asiyeona. Ila kiziwi hiyo haimsaidii chochote, yeye mpeni meseji fupi ya maneno mepesi, na kwenye smatifoni video ya lugha ya alama ya Uganda, ambayo katiba yetu imeitaja tangu 1995. Njia zote mbili ziwepo.

Na waiteni wenyewe mezani mapema, kabla hata hamjachora skrini. NUDIPU, umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu Uganda, wapo tangu 1987, vyama vya wagonjwa vipo, na ule mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ambao Uganda iliuridhia 2008 unataka washirikishwe kwenye mambo yanayowahusu. Muwalipe nauli na muda wao pia, siyo mnawaita siku mbili kabla ya uzinduzi wapige picha.

SWALI: Anti, salaam aleikum. Mimi sioni, natumia TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu yangu. Kuna apu ya kuweka miadi ya kliniki, nikipitisha kidole inasema tu "kitufe, kitufe, kitufe", sijui kipi ni kipi. Na ile kodi, yaani namba ya uthibitisho, wanayotuma kwa meseji, nikitoka kwenda kuisikiliza nikirudi muda umeisha. Tatizo ni simu yangu ama ni wao?
*Msomaji, Arua*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Simu yako nzima, ni wao. Kitufe kikisomwa hivyo maana yake aliyekitengeneza hakukipa jina, na kukipa ni mstari mmoja tu wa maandishi ya programu, kwa Android unaitwa contentDescription. Wewe kwa sasa mwombe mtu mmoja unayemwamini akuambie kila kitufe ni cha nini, kisha fungua menyu ya TalkBack ukiwa juu ya kitufe na uongeze lebo yako mwenyewe, kwa vitufe vingi inakubali na simu itakumbuka. Ya meseji huwezi kuirekebisha upande wako, waandikie waongeze muda ama apu iisome kodi yenyewe. Wataje na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, inakataza ubaguzi kwenye huduma za afya, labda wataamka.

Vijana wa Kikoni na nyinyi msikie hapa: washeni TalkBack, fumbeni macho, mjaribu kuingiza sukari kwenye apu yenu. Kidole kulia kinaenda mbele, kugonga mara mbili kunafungua. Mkishindwa nyinyi mlioitengeneza, basi.

SWALI: Anti, mwanangu ana sikoseli. Nimeweka apu ya kunikumbusha dawa zake, lakini mimi ni wakala wa mobail mani na simu inakaa mezani, kila mteja anaona jina la mtoto na ugonjwa wake kwenye skrini, bambi mpaka majirani wameanza kuuliza. Na wanataka niandike jina la shule yake. Ni lazima?
*Mama, Lira*

JIBU: Pole mama. Ingia setingi za simu, sehemu ya taarifa za skrini iliyofungwa, chagua kuficha yaliyomo ya siri, itaonyesha tu kwamba kuna ujumbe. Ndani ya apu badilisha jina la kikumbusho liwe "saa mbili" au chochote unachokielewa wewe. Shule usiiandike. Kwa sheria ya data ya 2019 habari za afya ziko kwenye kundi la data za pekee, na za mtoto zinataka ruhusa ya mzazi, yaani wewe, kwa hiyo waulize wenye apu hiyo shule wanaitakia nini. Wakikulazimisha, lalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Na nakushauri kikumbusho utumie alamu ya kawaida ya simu, kwa kazi hiyo moja inatosha kabisa na haimuulizi mtu anasoma wapi.