Barafu yenye tundu katikati na shombo la samaki

Swali: Assalaam alaikum fundi. Friji yetu ina mashine ya barafu ndani ya friza. Ilipokuwa jiko la chini haikutusumbua. Tangu tuipandishe jiko la juu, vipande vya barafu ni vidogo, vina tundu katikati na vinashikana kwenye ndoo. Siku nyingine maji hayaingii kabisa. Tena barafu inanuka shombo. Maji ni ya tangi lililoko mita 3 hivi juu ya friji. Tumeambiwa tununue mashine nyingine. Ni lazima? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Jibu: Wa alaikum salaam, dada. Msinunue kitu bado. Kwa dalili ulizozitaja, mashine yenu huenda ni nzima, ila inakosa presha ya maji.

Piga hesabu hii. Kila mita 10 za kimo kutoka uso wa maji tangini hadi friji hutoa presha ya bar 1 hivi (bar ni kipimo cha presha). Mita 3 ni bar 0.3. Watengenezaji wengi wanataka isipungue bar 1.4, yaani tangi liwe mita 14 juu ya friji. Mlipopandisha friji mliisogeza karibu na tangi, na kila ngazi mliyopanda ilipunguza presha.

Vali ya umeme iliyo nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache tu, kisha hufunga, trei ijae isijae. Maji yakija kwa unyonge, trei hupata nusu. Nayo mashine haijui kama barafu imeiva. Inapima ubaridi wa trei. Trei yenye maji machache hupoa upesi, barafu ikasukumwa nje huku moyo wake ungali maji. Hapo ndipo tundu linapotoka, na maji yaliyobaki ndani humwagikia ndooni na kugandisha vipande pamoja.

Maji kukosekana siku nzima ni matokeo ya presha hiyo hiyo. Vali hizi hutegemea msukumo wa maji ili kiwambo cha mpira kikae sawasawa zinapofunga. Presha ikiwa ndogo, vali huvuja tone moja moja, na matone yanaganda ndani ya mrija unaomimina kwenye trei. Chomoa umeme, yeyusha kwa maji ya uvuguvugu ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano. Kisu na bisibisi viweke mbali. Mrija huo ni wa plastiki.

Presha huongezwa kwa pampu. Kabla ya kuinunua, kagua vitu viwili. Funga maji, fungua mpira wa maji nyuma ya friji, chungulia mdomo wa vali. Mna kichujio kidogo cha wavu, upana kama wa kifungo cha shati, ambacho hukusanya mchanga na kutu za tangi. Kisugue kwa mswaki laini bila kukitoboa. Kisha chujio la friji: likipita miezi 6, badilisha. Ukiwa na kizibo chake, kile kinachokaa mahali pa chujio ili maji yapite bila kuchujwa, litoe kwa siku moja uweke kizibo. Vipande vikinenepa, chujio ndilo lililoziba.

Pampu iwe ndogo, ya kufikisha bar 2 hadi 3, yenye swichi ya presha na tangi dogo la presha. Hapa watu wengi hupoteza pesa. Pampu za bafuni huwashwa na mtiririko wa maji, na mtiririko wa mashine ya barafu ni mdogo mno kuziamsha. Muulize muuzaji pampu yake huwashwa na presha au na mtiririko kabla ya kulipa.

Sasa usafi. Maji ya visima vya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, yana chokaa, na ukoko mweupe unaoganda kwenye trei ni jamaa ya matumbawe yaliyojengea nyumba zenu: kalisi kaboneti, nayo huyeyuka kwa siki. Inua mkono wa kuzimia mashine ya barafu, chomoa umeme, funga maji, toa ndoo. Changanya siki nyeupe na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya trei dakika 15, kisha sugua kwa mswaki na futa kwa maji safi mara mbili. Usiache siki usiku kucha. Trei nyingi ni za alumini na asidi huila. Usikwangue, maana ngozi ya juu ikibanduka barafu itang'ang'ania. Na siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ndoo ioshe kwa sabuni kidogo, ikauke kabisa.

Shombo halitoki kwenye maji. Barafu hufyonza harufu, na katika friji nyingi hewa ya chini huzunguka hadi friza, kwa hiyo hata nguru aliye rafu ya chini anafika. Samaki, kamba na pweza wafungiwe kwenye vyombo vyenye kifuniko kinachobana, na barafu iliyokaa zaidi ya wiki mbili itupwe. Ikiwa barafu ina ladha ya chumvi, chujio la friji halitasaidia, chumvi halishiki.

Ukiwasha tena, friza ishuke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na subiri saa 24. Trei tatu za mwanzo zimwage. Kama trei inajaa vizuri na tundu bado lipo, basi thamostati ya mashine, ile inayopima ubaridi wa trei, ndiyo mbovu, na hapo tu kununua mashine nyingine kuna maana.