Huo Si Mzizi, Weka Kisu Chini

Jumamosi nilikwenda Tabata kwa kijana mmoja aliyeanza kulea okidi, yale maua ya kuota juu ya miti, mwaka huu. "Shikamoo mama, karibu, nimeisafisha kabisa ikupendeze." Mkononi ana mkasi. Sakafuni mizizi imelala kama tambi. Nikajikalia kwenye kiti kabla sijakaribishwa, maana magoti yalikataa.

Sikumkaripia, na sababu yake mtaiona namba tatu. Ila huyo ni wa nne mwaka huu, na mdomo wangu umechoka kurudia, kwa hiyo naandika.

Nasema habari ya okidi ya kwetu iitwayo Angraecum, ile giryamae yenye jina la Wagiriama, watu wa pwani ya Kenya, inayoota kwenye miti na juu ya mawe ya matumbawe huku pwani, Kenya mpaka kwetu. Najua wengi mnaitaka ile ya Madagaska kwa sababu ya kisa cha Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1862 aliliona ua lake, mrija wa mbochi unafika sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliomcheka. Nondo akaja kuandikwa mwaka 1903, mzee yuko kaburini miaka 21. Kisa kitamu, nakubali. Lakini anza na hii ambayo joto la Februari la Dar ni la kwao.

1. Udongo hapana. Samadi hapana. Mkaa wa vipande vikubwa, saizi ya yai, na makumbi kidogo, kwenye chungu chenye matundu mengi. Au ifunge juu ya mwembe uachane na vyungu. Makumbi muulize muuzaji yametoka wapi. Wenye kusokota kamba huyafukia ufukweni miezi, na hayo yamekunywa bahari nzima. Yaloweke siku kadhaa, badilisha maji kila siku. Kuna mama nilimwambia hivyo akaniona nina mambo mengi. Ncha za majani zilipoungua akasema ni jicho la jirani.

2. Maji asubuhi, yakauke kabla ya jioni, na yasituame katikati ya majani pale juu. Huu mmea una moyo mmoja, ukioza hapo umebaki na kuomba Mungu utoe kitoto chini. Mizizi yenyewe itakuambia: ikiwa ya fedha ina kiu, ikigeuka kijani imekunywa, toka hapo. Maji ya kisima, kama yanagoma kutoa povu la sabuni, usiyamwage. Kinga maji ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, inayofuata ndiyo uweke pipa, na pipa ulifunike kwa neti, kwa sababu mbu wa dengue anapenda maji safi ya aina hiyo hiyo. Tuliougua mwaka 2019 hatuhitaji kukumbushwa. Viungo viliniuma mpaka kushika kijiko.

3. Kisu.

Okidi yangu ya kwanza nilipewa na bibi mmoja wa Kigamboni, jirani wa shangazi yangu. Yake ilikuwa imekumbatia mti uani miaka na miaka, imenenepa, majani kama mikanda yamepangana huku na huku. Akakata kitoto kilichokuwa chini, chenye mizizi mitatu, akakiviringisha kwenye kipande cha khanga chakavu, akanipa. "Mwanangu, huyu hataki mapenzi mengi. Mwache." Nikapanda nacho pantoni nimekipakata kama mtoto mchanga, konda wa daladala ng'ambo akataka nikilipie siti.

Nikakilea miaka minne. Majani yakaongezeka, mizizi ikatoka chunguni ikawa inatembea hewani inavyotaka. Ua hakuna. Mume wangu akaipa jina: Kitunguu.

Mwaka wa nne, ikabaki wiki moja Idi ifike, na wakwe wanakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Mnaijua ile wiki. Nimefua mapazia, nimepiga deki mpaka chini ya friji, nikafika barazani nikamwona Kitunguu na mizizi yake imetapakaa. Nikaona aibu. Nikaleta kisu cha jikoni. Nikakata ya hewani yote, nikaisawazisha na chungu. Halafu nikaona mitatu mingine, minene zaidi, imechomoza katikati ya majani ya chini, urefu wa kidole, na yenyewe imeelekea juu. Nikasema hii nayo imekosa adabu. Nikaikata mpaka kwenye shina.

Nilipokuwa nazoa takataka kimoja kikadondoka, nikakiokota. Mzizi wa okidi ukiukata, katikati una uzi mgumu. Hiki hakikuwa na uzi. Kilikuwa bapa kidogo, kimefunikwa magamba, gamba juu ya gamba. Nikabandua la mwisho kwa kucha. Ndani kuna vitumba, vimejipanga, vidogo kama punje za uwele.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini barazani na kile kizoleo, nikabandua cha pili, nikabandua cha tatu, kama mtu anayehesabu hela alizoibiwa. Miaka minne. Vikonyo vitatu vya maua. Nikaviweka kwenye kopo la kahawa, kopo nikalificha nyuma ya mchele, na mume wangu sikumwambia.

Idi mosi ikapita salama, wakwe wakala pilau wakasifu nyumba. Idi pili akaja bibi. Salamu ndefu, habari za Kigamboni, kisha akaenda moja kwa moja barazani. Akainama. Akaweka kidole juu ya kikovu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, kisu ulikinoa?"

Basi. Akarudi ndani, akala kalimati zake, akaaga. Hajawahi kulitaja tena jambo lile, na ningependa angelitaja.

Kitunguu alikaa miaka miwili bila kutoa kitu. Sasa sikilizeni: mzizi ncha yake ni ya mviringo, laini, inang'aa, na unatafuta pa kushika. Kikonyo kimechongoka, ni bapa, kina magamba na kinapanda juu. Vikiwa vidogo vinafanana hata kwangu mimi. Ukiwa na shaka, ngoja wiki tatu. Na mizizi ya hewani muiache hivyo hivyo, hata wakwe wakija na gari mbili.

4. Jua la asubuhi mpaka kama saa tatu na nusu, baada ya hapo kivuli cha neti. Jani la kijani kiza linapendeza lakini halitoi maua.

5. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, na mara moja kwa mwezi osha chungu kwa maji matupu.

6. Usinunue ya kung'olewa msituni. Okidi ziko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hata ukiweka sheria kando, iliyobanduliwa Pugu na kukaa kwenye kiroba siku nne mara nyingi haiponi.

7. Usiniletee malalamiko kwamba hainuki kama umeinusa saa saba mchana. Harufu yake ni ya nondo, inaanza giza likiingia. Kitunguu alipochanua, maua meupe na kijani, mdomo umetazama juu kama kijiko kinachosubiri uji, mume wangu alirudi saa tatu usiku akauliza nani amekuja na marashi. Nikampigia bibi. Akasema sogeza simu karibu na ua. Nikasogeza. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Haya, nimesikia."

Yule kijana wa Tabata, alipomaliza kukata kilibaki kimoja tu, kimechomoza upande wa ukutani ambako mkasi haukufika. Nikamwambia asikiguse, angoje wiki tatu. Ananitumia picha kila asubuhi. Ya leo ni ya kumi na moja, na ncha imeanza kuwa ya mviringo.

Ni mzizi, mwanangu. Na huo pia usiukate.