Wiski ya moshi iliyomaliziwa pipa la sheri inanuka hospitali, ni feki?

SWALI: Habari mtaalamu. Shemeji yangu kaniletea Lagavulin Distillers Edition kutoka duka la uwanja wa ndege, boksi linasema imemaliziwa kwenye mapipa ya Pedro Ximénez, aina ya sheri, ule mvinyo wa Hispania ulioongezewa kilevi. Nikajua nitakutana na utamu wa zabibu, kufungua tu inanuka moshi na dawa ya vidonda mpaka mke wangu kauliza nani kajikata. Jamaa mmoja anayejijua kwa pombe kaitingisha, mapovu yakapotea haraka, akasema feki hiyo, na rangi haijakolea ya kutosha kwa kitu cha sheri. Niimwage?

JIBU: Usimwage. Na huyo jamaa usimpe tena chupa ashike.

Hiyo harufu ya hospitali ndiyo Lagavulin yenyewe. Kule kisiwa cha Islay, Uskoti, shayiri inakaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyoozea kwenye majimaji miaka maelfu, na moshi wake una fenoli, kemikali zenye hiyo harufu ya dawa, zinazoganda kwenye shayiri kabla hata pombe haijapikwa. Pipa la sheri linakuja mwishoni kabisa, wiski ishakaa miaka yake kwenye mapipa yaliyowahi kubeba burboni, wiski ya Marekani, ndio wanaihamishia huko kwa muda. Pipa linaongeza juu ya moshi, haliuoshi.

Ionje hivi. Mimina kidogo tu, vijiko viwili vya chakula vinatosha, kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, iache robo saa. Usitumbukize pua. Nusa kwa mbali huku mdomo uko wazi kidogo, moshi utakupiga kwanza, we tulia, pua inauzoea baada ya dakika chache na chini yake ndio unaanza kuikuta zabibu kavu, tini, kidogo ganda la chungwa. Ukinywa usimeze haraka, itembeze mpaka ifike kwenye fizi, utasikia utamu mbele halafu ukavu unaokamata ulimi nyuma, huo ukavu ni wa mbao za pipa. Kisha maji, matone machache kwa kijiko. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Linnaeus, Sweden, walipiga hesabu kwenye kompyuta wakaona guaiakoli, moja ya kemikali za huo moshi, kilevi kikishuka chini ya asilimia 45 inakaa juu karibu na hewa ambako pua inaipata, na kikipita 59 inavutwa ndani. Yako ni 43 tayari, kwahiyo ukimwaga nusu glasi ya maji unaiua tu. Barafu acha kabisa kwa glasi ya kwanza, baridi inafifisha utamu na kukuachia moshi na uchungu, halafu unarudi kulalamika sheri iko wapi.

Sasa hili la rangi. Jamani, kila wiki kuna mtu ananiuliza kuhusu rangi! Wiski ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji, rangi ni ya pipa, na pipa ni kama majani ya chai, la mara ya kwanza linakolea ndani ya miaka michache na lililochoka unaweza kulaza pombe humo miaka 20 ikatoka rangi ya majani makavu. Na juu ya hapo sheria ya Uingereza ya 2009 kuhusu wiski ya Uskoti inaruhusu kutia karameli ya rangi, kwahiyo weusi haukwambii umri, haukwambii sheri, haukwambii chochote. Hata sheri yenyewe sio lazima iwe tamu, aina yake iitwayo oloroso kwa asili ni kavu, haina utamu, hiyo Pedro Ximénez ndio tamu sana kwa sababu zabibu zake zinaanikwa juani kwanza.

Mtu anayetengeneza feki anaanza na rangi kwa sababu ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Na hayo mapovu, yanakaa muda kama kilevi ni kikali, asilimia 50 na kupanda, ya 43 yanatakiwa yapasuke haraka kama yalivyofanya. Maana yake huyo jamaa kaihukumu chupa halali, na angeletewa spiriti kali iliyotiwa rangi angeipitisha huku anatikisa kichwa kama profesa. Kuna na wale wa kuwasha moto kwenye kijiko, eti ikiwaka ni salama, hao ndio wananikera zaidi, maana methanoli, ile pombe ya sumu, nayo inawaka, na mwali wake mchana huuoni vizuri. Mei 2014 huko Kenya, Embu, Kitui na sehemu nyingine, makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, na methanoli huijui kwa kunusa wala kuonja, inapimwa maabara.

Kwahiyo nunua panapotoa risiti, angalia kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, namba ya toleo kwenye kioo iwepo na isiwe imekwanguliwa, na bei ikiwa nusu ya maduka mengine jiulize nani kalipa hiyo nusu nyingine. Chupa tupu za wiski ya ghali usiziache nzima nje, zinanunuliwa zijazwe. Na mtu akinywa kitu cha mashaka halafu kesho yake anaona ukungu machoni, anatapika, anahema haraka, msimwambie ni hangova, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi, hizo habari za kumnywesha maziwa ni kumpotezea muda.